Treni yangu husimama kila siku mahali tofauti: nianzeje kuiendesha kwa kompyuta?

SWALI: Habari mhandisi. Nina reli ya modeli ya kipimo cha H0 juu ya meza ya mita 2.4 kwa 1.2. Ni mzunguko mmoja wenye stesheni ya njia mbili. Nina injini mbili za kidijitali, kila moja na mabehewa mawili, pamoja na kituo cha amri, yaani kisanduku kinachotuma amri kwa injini kupitia reli, chenye tundu la USB. Niliunganisha kompyuta nikaandika programu fupi: treni iondoke, ikimbie sekunde 21, ipunguze mwendo, isimame jukwaani. Jioni ya kwanza ilisimama vizuri. Kesho yake ilipitiliza, na baada ya wiki moja haikufika kabisa. Je, ninunue programu gani ili treni zote mbili zijiendeshe bila kugongana? Mimi si fundi umeme.

JIBU: Ndugu yangu, usinunue kitu bado. Programu yako ilifanya ulichoiambia. Shida ni kwamba umeipa saa, hukuipa macho.

Tufanye hesabu kidogo. Kipimo cha H0 ni 1 kwa 87, kwa hiyo treni inayoiga mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita sentimita 25 na ushee kila sekunde mezani pako. Mzunguko wako, kwa ukubwa wa meza uliyotaja, una kama mita 5.5, na ndiyo maana sekunde 21 zilikutosha ile jioni ya kwanza. Sasa mwendo ukibadilika kwa asilimia 5 tu, mwisho wa mzunguko umekosea zaidi ya robo mita, yaani urefu wa injini nzima na zaidi. Na mwendo lazima ubadilike. Mota ikiwa baridi grisi yake ni nzito, ikipata moto injini huongeza kasi. Vumbi kwenye reli hupunguza umeme unaofika. Behewa la ziada huvuta nyuma, hasa kwenye kona. Hakuna programu duniani itakayoyajua hayo kwa kuangalia saa.

Reli za kweli zilijifunza jambo hili kwa damu. Zamani njia nyingi zilitenganisha treni kwa dakika: moja ikishaondoka, unasubiri muda fulani, unaruhusu nyingine. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh huko Ayalandi, treni ya matembezi ilishindwa kupanda mlima. Wafanyakazi wakaikata katikati ili wapeleke nusu kwanza, na mabehewa ya nyuma yakarudi mteremkoni hadi yakaigonga treni iliyokuwa imeruhusiwa nyuma yake kwa kuhesabu dakika. Walikufa watu wapatao 80, wengi wao watoto. Mwaka huohuo bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolazimisha mfumo wa bloki kwenye njia za abiria: reli hugawanywa vipande, na kipande kimoja hakiingiwi na treni ya pili mpaka ya kwanza ithibitishwe imetoka.

Programu zote nzuri za kuendesha treni za modeli zimejengwa juu ya kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo anza na bloki. Programu itafuata.

Kwenye meza yako ningeweka bloki nne: njia mbili za stesheni, kila moja ikiwa bloki yake, kisha sehemu iliyobaki ya mzunguko igawanye mara mbili. Treni yako, injini na mabehewa mawili, ina kama sentimita 75. Njia za stesheni zikiwa na mita 1.3 kila moja inatosha kabisa, na zile mbili za nje zitapata karibu mita 1.9 kila moja. Zingatia mambo mawili hapa. Bloki lazima iwe ndefu kuliko treni yako ndefu kuliko zote, la sivyo mkia utabaki bloki ya nyuma na kuifunga. Na idadi ya bloki izidi idadi ya treni, vinginevyo zote zitasimama zikingojeana na hakuna ya kuanza. Kwa miezi ya mwanzo endesha treni zote upande mmoja tu. Kurudi kinyume kunaongeza hesabu nyingi kwa faida ndogo.

Kukata bloki si kazi ya fundi umeme. Chagua reli moja kati ya mbili, tuseme ya ndani, na kwenye kila mpaka wa bloki toa kiungio cha chuma uweke cha plastiki. Usibadilishe upande katikati ya safari: ukianza na reli ya ndani, malizia na ya ndani. Reli ya nje inabaki nzima. Kila kipande cha reli ya ndani sasa kinapata waya wake, na waya huo unapita kwenye kadi ya vihisi kabla ya kufika kwenye kituo cha amri. Kadi inapima kama kuna umeme unaotumika. Katika mfumo wa DCC, yaani wa kuamrisha injini kidijitali kupitia reli, umeme upo relini muda wote, hata treni ikiwa imesimama, na dikoda, kadi ndogo ndani ya injini inayopokea amri, hunywa kidogo saa zote. Basi injini ikiingia bloki, umeme unatumika, kadi inatuma habari, na kompyuta inajua: hapa pana treni.

Wakati wa kununua kadi, angalia kwanza kituo chako cha amri kinapokea habari kwa njia gani. Vingine hutumia S88, vingine LocoNet, vingine R-Bus ya Lenz, na havichanganyiki hivihivi. Ukichagua S88, waya zake zipitishe mbali na waya za reli, kwa sababu umeme wa DCC hubadilika upande maelfu ya mara kwa sekunde na hupandikiza kelele kwenye waya wa jirani. Utaona bloki inawaka kwenye skrini ilhali haina kitu.

Nisimame hapa kidogo, kwa sababu ndipo wanaoanza wengi huangukia. Injini inaonekana, lakini je, mabehewa? Behewa la kawaida lina magurudumu yaliyotengwa kiumeme na halitumii umeme wowote, kwa hiyo kwa kadi ya vihisi halipo. Niliwahi kuitwa kukagua reli ambayo treni ziligongana ubavuni mara kwa mara, kila mara kwenye swichi ileile, pale reli moja inapogawanyika mbili, na mwenyewe alikwisha kubadilisha programu mara mbili. Injini ilikuwa ikifika bloki inayofuata, bloki ya nyuma inatangazwa tupu, kumbe behewa la mwisho bado limekalia swichi. Dawa yake ni rezista, kipande kidogo kinachopunguza umeme unaopita, ya kiloomu 10 iliyogandishwa kwenye ekseli moja ya behewa la mwisho, ikiunganisha gurudumu la kushoto na la kulia kwa rangi maalumu inayopitisha umeme. Kwa volti 15 itavuta miliampea 1.5 hivi, na kadi nyingi huweza kuuhisi. Mimi huweka kwenye kila behewa, si la mwisho tu. Treni ikikatika njiani, yale yaliyoachwa yanaendelea kuonekana, na hiyo ndiyo ajali ya Armagh unayoizuia mezani pako. Mabehewa yenye taa hayahitaji, taa zenyewe zinatosha.

Sasa kuhusu kusimama jukwaani. Kila bloki ya stesheni igawanye tena: sehemu ndefu ya kuingilia, na kipande kifupi cha sentimita 20 hivi mwishoni, kila kimoja na kihisi chake. Treni ikigusa sehemu ndefu, kompyuta inaanza kupunguza mwendo hadi wa kutambaa. Ikigusa kipande kifupi, inaisimamisha. Mota ikiwa baridi au moto, reli safi au chafu, mahali pa kusimama ni palepale, kwa kuwa uamuzi umetoka kwenye reli yenyewe. Wapo wanaotumia kihisi kimoja na kuiachia programu ikadirie umbali uliobaki. Inawezekana, lakini inahitaji upimaji wa makini, na wewe huko hujafika.

Kabla ya kompyuta kushika usukani, ziandae injini zenyewe. Injini mpya karibu zote hutoka kiwandani na anwani namba 3. Zikiachwa hivyo ukiamrisha moja zinaondoka mbili. Ipe kila moja anwani yake kwenye mipangilio ya dikoda, ambayo huitwa CV na kupewa namba; anwani ni CV namba 1. Halafu angalia CV 3 na CV 4, za kuongeza na kupunguza mwendo polepole. Ukiendesha kwa mkono zinapendeza zikiwa na thamani kubwa, lakini kompyuta ikiendesha zishushe karibu na sifuri. La sivyo programu inasema simama, dikoda inajibu nasimama taratibu, na treni inapita jukwaa. Tumia pia hatua 128 za mwendo, si 28, ili kutambaa kuwe laini.

Baada ya hapo ifundishe programu mwendo wa kila injini. Programu nyingi hupima zenyewe kati ya vihisi viwili ambavyo umeziambia umbali wake. Ikimbize injini mzunguko kwa dakika 15 hivi kwanza ipate moto, ndipo upime.

Na programu yenyewe? JMRI ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux, hata kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Kwa kuweka anwani na CV siioni mpinzani kwa mtu anayeanza. Kuendesha treni zenyewe kwa zenyewe inaweza pia, ila itakudai uchore reli yote, uweke bloki, taa za ishara na njia, na hapo uvumilivu unahitajika. Rocrail, iTrain na TrainController zimetengenezwa zaidi kwa kazi hiyo ya kujiendesha. iTrain na TrainController ni za kulipia, lakini zina matoleo ya kujaribia. Ushauri wangu: pakua JMRI leo, chagua uigaji, yaani kituo cha kuigiza ndani ya kompyuta, badala ya kituo halisi cha amri, uchore bloki zako nne na ujifunze bila waya hata mmoja. Kisha jaribu moja ya zile nyingine kwa mchoro uleule. Itakayokuwezesha kusoma skrini bila kujiuliza maswali ndiyo yako. Hakikisha tu kwamba inakitambua kituo chako cha amri. Na msomaji mwingine ambaye kituo chake hakina tundu la kompyuta asikate tamaa: DCC-EX, mradi mwingine wenye msimbo wazi, hukuwezesha kujijengea kimoja kwa Arduino Mega, kadi ndogo unayoweza kuipangia programu, na kadi ya kuendeshea mota.

Utakachoiona programu ikifanya ni hiki. Kabla treni haijaondoka, inauliza kama bloki ya mbele ni tupu. Ikiwa tupu inaishika kwa jina la treni hiyo, inageuza swichi, ndipo inaruhusu. Treni yote ikishafika, bloki ya nyuma inaachiwa. Treni ya pili hukuta bloki imeshikwa hata kama bado haijakanyagwa, na inasubiri. Ulinzi wako wote dhidi ya kugongana umo humo.

Swichi zina tahadhari yake. Zikiwa za koili, koili hiyo imeumbwa kupewa umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde tu. Umeme ukibaki umewashwa itaungua na plastiki itayeyuka. Tumia dikoda ya swichi inayokata umeme yenyewe. Mota ya servo haina hatari hiyo, na hugeuza reli polepole, jambo ambalo mimi hupenda kulitazama.

Siku ya kwanza ya majaribio utaona bloki ikiwakawaka kama taa mbovu. Usilaumu programu. Futa reli na magurudumu kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili, halafu kwenye programu weka ucheleweshaji wa nusu sekunde hadi sekunde moja kabla bloki haijatangazwa tupu. Na ukiinua treni kwa mkono ukaiweka njia nyingine, iambie programu. Yenyewe inaamini treni iko pale ilipoiacha jana, na haina namna ya kutofautisha injini mbili zinazovuta umeme uleule, labda uwe na kadi na dikoda za RailCom, ambazo huiwezesha injini kutaja anwani yake.

Weka kitufe cha kuzima umeme wa reli mahali mkono wako unapofika bila kutafuta. Kisha anza na treni moja. Weka alama ya chaki pembeni mwa reli mbele ya injini inaposimama, na uiache izunguke mara 20, ikisimama kila mara. Alama zote zikiangukia ndani ya sentimita mbili tatu, weka treni ya pili kwenye njia ya pili ya stesheni. Zikitawanyika zaidi ya hapo, rudi kwenye CV 4 na usafi wa reli kabla ya kugusa kitu kingine chochote.