Rangi inabanduka futi mbili kutoka chini, na maswali mengine

Nyumba yangu ipo Isevya, Tabora, ya tofali za kuchoma. Kila mwaka napiga rangi ya mafuta sebuleni, na kila mwaka inavimba na kubanduka, futi mbili tu kutoka sakafuni. Nibadili kampuni?

Usibadili, rangi haina kosa. Tofali la kuchoma hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na nyumba nyingi hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji yanapopanda hubeba chumvi ya udongo. Yakikauka, chumvi inaganda nyuma ya rangi na kuisukuma itoke. Ule unga mweupe unaouona ukikwangua ndiyo chumvi yenyewe. Rangi ya mafuta inazidisha tatizo kwa sababu inaziba ukuta, na maji yaliyokosa pa kutokea yanapanda juu zaidi.

Anzia nje. Chimba udongo ulioegemea ukuta mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi, na maji ya bati yapelekwe mbali kwa mfereji. Ndani, kwangua rangi hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Chumvi ifagie kwa brashi kavu. Ukiiosha inayeyuka na kurudi ukutani. Plasta inayolia uwazi ukiigonga ibomoe na upige nyingine. Kisha uvumilie: ukuta ubaki wazi kiangazi chote, Juni hadi Septemba. Hapo ndipo upige chokaa au rangi ya maji isiyong'aa. Wageni wataona ukuta mtupu miezi minne, lakini ndiyo bei yake.

Chumba cha mita 3 kwa 3.5 kinakula rangi kiasi gani?

Jumlisha pande zote nne: mita 13. Zidisha kwa kimo, tuseme mita 2.7, unapata mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, kama 4, zinabaki 31. Mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, ni 62. Kwenye ukuta uliopigwa skimu (tabaka jembamba juu ya plasta) na kulainishwa, lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo galoni mbili za lita 4 zinatosha na kubaki. Kwenye plasta tupu yenye mchanga mchanga, lita moja inaishia mita 6 au 7. Nunua galoni tatu. Nunua zote siku moja, uzichanganye kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza. Galoni za rangi ile ile zaweza kupishana kidogo, na tofauti utaiona katikati ya ukuta.

Jikoni kwangu Gungu, Kigoma, tunapika kwa mkaa, na mawese hayakosi. Nimepiga rangi nyeupe ya maji mara mbili, madoa ya njano yanarudi.

Yatarudi hata ukipiga mara tano. Moshi na mafuta hupenya rangi ya maji ikiwa bado mbichi na kuja juu. Osha ukuta kwa maji ya moto na sabuni ya unga, ukianzia chini kwenda juu ili michirizi isiache alama, kisha suuza kwa maji safi mara mbili. Pitisha kidole: kikiteleza, rudia. Ukikauka kabisa piga msasa namba 120, futa vumbi, halafu mkono mmoja wa andakoti ya mafuta (rangi ya kutangulia), uiache siku nzima. Hiyo ndiyo itakayofungia madoa. Juu yake malizia na rangi ya mafuta, kwa kuwa jiko litahitaji kufutwa mara kwa mara. Fungua madirisha, na jiko la mkaa lisiwake wakati huo: mvuke wa tina, kiyeyushi cha rangi ya mafuta, hushika moto.

Fundi amemaliza plasta wiki iliyopita na anataka kupiga rangi kesho.

Mzuie. Plasta ya saruji ingoje siku 28, na masika iongezee. Saruji mbichi ina ukali unaogeuza rangi ya mafuta kuwa kama sabuni inayonata, na rangi ya maji inaota mabaka. Kipimo chake hakina gharama: bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe pembe zote kwa selotepu, ulale. Asubuhi ukikuta matone ndani yake, bado.

Kwa nini rola inaacha mistari?

Unaunganisha rangi mbichi na iliyokwisha kukauka. Kata kona kwa brashi ya inchi 2 ukuta mmoja tu, ufuate na rola hapo hapo, usipumzike kabla ya kufika mwisho wa ukuta. Maji yasizidi nusu lita kwa lita 5 za rangi, tena kwa mkono wa kwanza tu.

Nyumba ya urithi Ujiji, milango ina rangi ya mafuta ya zamani sana. Naipiga msasa mkavu?

Hapana. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi. Tumia msasa wa maji, mlango ukiwa umelowa. Tandika turubai chini na watoto wawe mbali. Makapi yafunge kwenye mfuko. Usiyachome.