Jibu: Mbona No Man's Sky wengine wanaisifu, wengine wanaiponda?

Mkuu, kabla hujamsikiliza mtu, muulize aliicheza mwaka gani. Ilipotoka Agosti 2016 gemu hii ya kuzurura angani na kutua kwenye sayari ilikuwa imepigiwa debe kupita kiasi: sayari trilioni 18 mara milioni moja, kazi ya Hello Games, studio ndogo ya Guildford, Uingereza. Sayari zilikuwepo kweli, ila ukishatua kwenye kumi hivi unaona mawe ni yale yale, yamebadilishwa rangi tu. Kilichouma zaidi ni hiki: mwanzoni kabisa wachezaji wawili walifika mahali pamoja kwenye sayari moja, na hawakuonana! Wakati Sean Murray, bosi wa Hello Games, alishasema watu wanaweza kukutana. Wengi wakadai warudishiwe pesa, na dola 60 si za kuokota.

Baadaye studio ikanyamaza, ikachapa kazi. Sasisho la NEXT la Julai 2018 ndilo lililoleta kucheza pamoja kwa maana yake, tena bure. Mimi naipenda ilivyo sasa, ingawa kuchimba madini bado kunanichosha. Ila kama unatafuta vita na hadithi ya kukukosesha usingizi, hela yako iweke.