Swali la Lugha: Programu Huru na Programu ya Bure

Msomaji anauliza: "Leseni ya GPL inasema programu ni ya bure, halafu nikiibadilisha na kuisambaza inanilazimisha nitoe na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, kwa masharti yaleyale. Bure gani hiyo yenye masharti? Leseni hii inalinda uhuru au inaubana?"

Kwanza nilitoe hapo neno bure, maana ndilo lililolivuruga swali zima. Huru ni la Kiarabu, hurr, mtu asiye mtumwa. Bure lina kazi zake nyingine: kazi bure, kufa bure, kelele za bure. Mtu huru hujitawala. Mtu bure hafai kitu. Mwite mwenzako mtu bure uone atakavyokujibu! Mataifa yalipigania uhuru, na hakuna hata moja lililodai "ubure". Lakini kila siku nasoma "programu ya bure" pale mwandishi alipokusudia programu huru.

Waingereza wana neno moja, free, kwa maana zote mbili, ndiyo sababu Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo huru wa kuendesha kompyuta, hachoki kufafanua kwamba anazungumzia uhuru, hazungumzii bei. Sisi maneno tunayo mawili, kila moja na maana yake, halafu tunakwenda kuazima mkanganyiko wa wenzetu. Stallman huyohuyo, katikati ya miaka ya 1980, aliuza kanda za programu yake ya kuandikia maandishi, Emacs, kwa dola 150. Dola 150! Mnunuzi alilipa, kisha akawa na ruhusa ya kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Ukiiita programu ya bure, bei umeikosea na uhuru wenyewe hukuutaja.

Sasa swali lenyewe. Uhuru ni wa nani? GPL, leseni ya mradi huohuo wa GNU, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, haikugusi ukiibadilisha programu na kuitumia mwenyewe. Sharti linaanza pale unapompa mwingine. Leseni ya MIT, nyingine ya programu huru isiyo na sharti hilo, ingekuachia uufunge msimbo usionekane; wewe ungepata nafasi zaidi, na atakayepokea kutoka kwako angekuta mlango umefungwa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba GPL inambana hasemi uongo, ila anajitazama yeye peke yake. Mimi nasimama na yule anayepokea. Kunyimwa nafasi ya kumfunga mwenzako siwezi kusema ni kufungwa, na anayesema leseni hii "inanyima uhuru" amelitumia neno vibaya. Aseme "ina sharti". Hapo sina ugomvi naye.

Wapo wanaoandika "programu huria", kwa kufuata soko huria. Mimi napenda huru, lakini huria nitalivumilia, maana angalau halizungumzii bei.