Jibu: Halloween ya kwanza na mtoto mwenye mzio wa karanga

Salamu dada. Kwa hiyo shida ni kwamba mwanao ana mzio wa karanga, mko Minneapolis, na jioni ya Halloween, 31 Oktoba, anataka kuvaa vazi la kuigiza na kuzunguka nyumba kwa nyumba na watoto wa jirani kuomba pipi. Mwache aende, ila kwa sharti moja: halambi kitu njiani. Mshibishe kabla ya kutoka, utaona ubishi unapungua.

Cha kwanza kuangalia ni lebo. Vile vipakiti vidogo vya Halloween mara nyingi havina orodha ya viambato, na wakati mwingine hutengenezwa tofauti na pakiti kubwa ya jina hilohilo, kwa hiyo usiseme "hii tunaijua". Isiyo na lebo weka pembeni. Snickers na Reese's hazina mjadala, karanga zimo. Mimi hununua mfuko wa pipi salama mapema, tukirudi tunabadilishana: mwanangu ananipa za hatari, namlipa zile salama. (Za hatari huishia kazini kwangu, watu wazima wanazigombania.)

Nyumba iliyozima taa ya mlangoni, msipige hodi. Mkiona nje boga la rangi ya feruzi, hapo nendeni: maana yake wanatoa pia vitu visivyoliwa, kama stika na penseli. Desturi hiyo ilianza kuenea Marekani 2014.

Vazi nunua kubwa kuliko kipimo chake ili koti liingie ndani, baridi ya huko si mchezo. Na sindano ya epinefrini (dawa ya dharura mzio ukimshika) ibebe wewe mwenyewe, isikae kwenye ndoo yake ya pipi.