Protini ya mfuko na protini ya samaki: kwa anayeanza kuchanganya chakula cha sato

Ndugu unayeingia katika kazi ya kuchanganya chakula cha samaki, utazoea upesi kuuliza asilimia ya protini, na wauzaji watakujibu bila kusita. Jibu hilo lisikutosheleze. Katika maabara nyingi protini haipimwi yenyewe, bali hupimwa nitrojeni na kuzidishwa kwa 6.25, kiasi kwamba hata urea iliyotiwa na mlaghai huhesabiwa kuwa protini. Anachohitaji sato ni asidi amino, yaani vijenzi vidogo vinavyounda protini, na 10 kati yake mwili wake hauwezi kuzitengeneza. Ikipungua moja, zilizobaki hazijengi nyama ipasavyo, bali huchomwa kuwa nishati, na nitrojeni yake hutoka kupitia matamvua ikiwa amonia, ambayo inachafua maji yaleyale anayoishi.

Anza na asidi amino mbili, laisini na methionini, kwa kuwa ndizo zinazopungua mara nyingi katika vyakula vya mimea. Kwa sato, makadirio yanayotumika sana ni laisini asilimia 5.1 ya protini, na methionini pamoja na mwenzake sistini asilimia 3.2, yaani chakula chenye protini asilimia 30 kiwe na takriban gramu 15 za laisini na gramu 10 za hizo nyingine mbili kwa kila kilo. Fanya hesabu hii kabla ya kununua mashudu. Alizeti ina methionini ya kuridhisha na laisini haba, soya ni kinyume chake, ndiyo maana zikichanganywa hufidiana. Soya lazima ipashwe moto ili kuharibu vizuizi vya usagaji wa protini, lakini ikiungua laisini yake hufungwa na samaki hawezi kuitumia. Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, ambayo nayo hushikamana na laisini. Damu kavu ina laisini tele, ila asidi amino nyingine, isoleusini, ni kidogo na leusini ni nyingi mno, na leusini ikizidi huvuruga matumizi ya isoleusini na valini. Dagaa wa Ziwa Victoria wana uwiano mzuri kuliko hivi vyote. Mimi huona ni afadhali kulipa zaidi kwa dagaa walioanikwa kwenye chanja, kwa sababu mchanga nao hupanda mizani.

Upungufu hauanzi na vifo. Huanza na samaki kususia chakula, kukua kwa kupishana sana ndani ya bwawa moja, na kunenepa mafuta badala ya nyama. Kwa samaki aina ya trauti imethibitishwa kuwa upungufu wa laisini hula mapezi, wa triptofani hupinda uti wa mgongo, na wa methionini huleta mtoto wa jicho. Huko Norway, katika miaka ya 1990, unga wa damu ulipoondolewa kwenye chakula cha salmoni, mtoto wa jicho uliongezeka, na baadaye ikabainika kuwa histidini, iliyo nyingi katika damu, ndiyo iliyokuwa ikiyakinga macho yao. Threonini nayo ni sehemu kubwa ya ute unaolinda ngozi na utumbo. Hata hivyo, usitoe hukumu kwa dalili moja: mgongo hupinda pia kwa kukosa vitamini C, na mapezi huliwa pia samaki wanaposongamana. Pima maji kwanza, kisha urudi kwenye orodha ya mchanganyiko wako, na dawa za viuavijasumu zisubiri hadi ugonjwa uthibitishwe.

Ukilazimika kuongeza laisini ya unga ya kiwandani, kumbuka kuwa ile iliyozoeleka ina laisini asilimia 78 tu, hivyo irekebishe katika hesabu. Huyeyuka majini upesi, na tumboni hufyonzwa mapema kuliko ile iliyo ndani ya protini, kwa hiyo tengeneza tembe zinazoshikana vizuri na ugawe mlo wa siku mara tatu au nne badala ya kuumwaga wote asubuhi.