Jibu langu: Clara Stanton Jones, mkutubi wa Detroit

Mhariri, mmetuomba wiki hii tumtaje mtu mmoja aliyeishi miaka mingi akiwatumikia watu, asiwe mwanasiasa wala msanii, alafu tuseme kwanini yeye. Mi namtaja Clara Stanton Jones, mkutubi wa Detroit kule Marekani, mama wa watoto watatu, aliyezaliwa Mei 1913 na kufariki Septemba 2012 akiwa na miaka 99. Najua wengi mtauliza huyo nani, ndo maana naandika kirefu kidogo.

Alizaliwa St. Louis, Missouri, enzi ambazo watoto weusi walikuwa na shule zao na wazungu zao. Mama yake alikuwa mwalimu na yeye mwenyewe alielekea hukohuko kwenye ualimu, ila akiwa mwanafunzi Atlanta akapata kibarua cha kupiga chapa kwenye maktaba ya chuo na hapo ndo akanogewa na hii kazi. Akamaliza chuo cha Spelman hukohuko Atlanta 1934, akaenda University of Michigan kusomea ukutubi akamaliza 1938, mwaka huohuo akaolewa. 1944 akaanza kazi maktaba ya umma ya Detroit. Akapanda taratibu, huku analea, mpaka 1970 akawa mkurugenzi wa maktaba nzima ya jiji, mwanamke wa kwanza na mtu mweusi wa kwanza kukalia kile kiti, na uteuzi wake haukukosa wapinzani.

Hebu fikirieni jiji lenyewe alilokabidhiwa. Miaka mitatu tu nyuma, 1967, Detroit ilikuwa imeungua kwa ghasia na watu 43 wakafa, wazungu wengi wanahamia nje ya mji, kodi zinapungua na bajeti ya maktaba nayo inapungua. Wengi wangesema tulinde tu vitabu vyetu tusubiri hali itulie. Yeye akauliza swali jingine kabisa, kwamba huyu jirani anayepita mlangoni kwetu kila siku bila kuingia, yeye anahitaji kujua nini? Likazaliwa jambo lililoitwa TIP, kifupi cha The Information Place, yani mahali pa kupatia taarifa. Unapiga simu au unaingia tawi la mtaani kwako unasema mwenye nyumba anataka kunitoa nifanyeje, au mama yangu mzee anaumwa na hakuna wa kushinda naye, au nataka kujifunza kusoma na umri umeenda, na mkutubi anayo orodha ya ofisi na vyama vinavyohusika, anakupa jina na namba, hakwambii kachukue kitabu kile kabatini ukajisomee. Walikuwepo wakutubi waliosema hiyo ni kazi ya ustawi wa jamii siyo ya maktaba. Mume wake alikuwa mtu wa ustawi wa jamii, na mi nahisi mazungumzo ya mezani nyumbani kwao yalichangia, japo hiyo ni hisia yangu tu.

Hapa ndo huyu mama ananigusa maana na mimi nakaa kaunta ya maktaba mkoani kwetu. Asubuhi moja kaja bibi na bahasha ya kaki imelainika kwa jasho, ndani ana tangazo la kizazi la mjukuu wake na kadi ya kliniki, shule wanataka cheti cha kuzaliwa na kila anakoenda anaambiwa siyo hapa. Nikamwamkia shikamoo bibi, akajibu marahaba alafu cha kwanza akaanza kuomba radhi, "mwanangu najua hapa ni pa wasomi." Nikamvutia kiti, nikamwandikia kwa herufi kubwa kwamba aende ofisi ya mkuu wa wilaya aulizie RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na karatasi gani abebe na nakala ngapi. Akaikunja ile karatasi akaichomeka kwenye pindo la kanga. Hakusoma hata ukurasa mmoja siku ile, lakini kwangu mimi alihudumiwa na maktaba, na Clara Jones alikuwa anaitetea huduma ya aina hiyo mbele ya wataalamu wenzake kabla mimi sijazaliwa.

Hao wenzake nao walimwelewa mwishowe. Chama cha wakutubi cha Marekani kilianzishwa 1876 na kikakaa karibu miaka mia bila rais mweusi, yeye ndo akawa wa kwanza, 1976 mpaka 1977. Mwaka huo wa 1976 chama kilipitisha azimio la kuwaamsha wakutubi kuhusu ubaguzi wa rangi na wa jinsia, alafu wakatokea waliotaka lifutwe wakidai linabana uhuru wa mawazo, na rais mwenyewe akasimama kulitetea.

Alistaafu Detroit 1978 na Rais Carter akamteua kwenye tume ya taifa ya maktaba. Baadae akahamia Oakland, California, na 1984 akiwa na miaka 71 yeye na mwanaharakati Aileen Hernandez wakaanzisha kikundi cha wanawake weusi cha kukutana na kujadiliana mambo ya dunia na ya kwao, siyo vikoba wala sherehe, ni kuuliza na kubishana na kusikilizana tu. Kwa umri huo wengi tunasema nimeshajua ya kutosha. Yeye bado alikuwa anataka kusikia wenzake wanaonaje.

Kama kuna mkuu yeyote wa maktaba anasoma jibu hili, ombi langu ni dogo sana, kila tawi liwe na daftari moja kaunta lenye ofisi za wilaya, zahanati, msaada wa kisheria, ustawi wa jamii na namba zao, na kila baada ya miezi michache mtu atumwe kuhakiki kama namba bado zinapatikana. La kwetu tayari nimeanza kulijaza.