Kuanzia jikoni inawezekana kabisa

Dada yangu wa Ujiji, umeuliza kama kashata za karanga zinaweza kuwa biashara ya familia wakati mtaji ni gunia la sukari tu. Zinaweza. Haribo, wale wa pipi laini zenye umbo la dubu, walianza hivyohivyo.

Hans Riegel aliisajili mwaka 1920 mjini Bonn, Ujerumani. Kiwanda kilikuwa chumba cha kufulia nguo nyumbani. Mtaji wake: gunia la sukari, bamba la marumaru, kigoda, jiko la matofali, sufuria ya shaba na rola. Mfanyakazi wa kwanza alikuwa mkewe, Gertrud, na ndiye aliyekuwa akipeleka pipi kwa wateja kwa baiskeli. Mimi humsifu huyo mama kuliko yeyote, maana pipi isiyomfikia mteja si biashara. Dubu wenyewe walikuja 1922, gari la kampuni likafuata 1923.

Angalia vizuri ile orodha ya vyombo. Shaba husambaza moto sawasawa, sukari haiungui upande mmoja. Marumaru ni ya baridi, ukimimina sukari moto juu yake inaganda haraka. Kwa hiyo kabla ya kufikiria vifungashio vya kung'aa, nunua sufuria nzito na utafute bamba la jiwe, ulipake mafuta kidogo kabla ya kumimina. Na mkubaliane mapema nyumbani nani atasambaza, kuanzia sokoni Mwanga hadi Kibirizi.